Maakuli ya Bungoma na Kitale na Umri wa Mazoea Yetu

Mtu mzima wa Bungoma au wa Kitale aliyeambiwa na tabibu kwamba uzito wake umepita kiasi, na kwamba damu yake inakwenda kwa shinikizo lisilofaa au sukari imezidi mwilini mwake, aghalabu hujibu kwa maneno ambayo yamekwisha kuwa wimbo wa kila nyumba: kwamba ugali mweupe ni chakula cha mababu, kwamba chai isiyokolea sukari si chai, kwamba mboga isiyokaangwa ni maakuli ya mgonjwa, na kwamba kuyaacha haya ni kuyaacha makuzi yake yote. Maneno hayo husemwa kwa moyo safi, na msemaji huyaamini; lakini historia haiyaungi mkono. Wengi wa mababu wanaotajwa katika hoja hiyo hawakuujua ugali mweupe walipokuwa watoto, hawakuonja sukari ya dukani ila kwa nadra, wala hawakuwa na mafuta ya mkebe ya kukaangia. Kusudi la makala haya ni kueleza jinsi maakuli ya nchi iliyo baina ya Mlima Elgon na Mto Nzoia yalivyogeuka katika muda wa vizazi vichache tu, kwa kuwa naamini kwamba mtu anayejua mazoea yake yalianza lini, na kwa sababu gani, amekwisha kupata nusu ya nguvu ya kuyabadili.

Katika karne ya 19, na hata katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, shamba la Mbukusu lilikuwa shamba la wimbi kwanza na la mtama baadaye, na kando yake zilipandwa kunde, njugu mawe, viazi vitamu, maboga na ufuta, ilhali ng'ombe na mbuzi walitoa maziwa ya kila siku na nyama ya siku chache. Watachoni, Wasabaoti wa mteremko wa Elgon na Wateso wa upande wa magharibi walikuwa na maakuli yaliyokaribiana na hayo, kila kaumu kwa kadiri ya ardhi na mifugo yake. Unga wa wimbi, mara nyingine ukichanganywa na wa mtama, ulisongwa ugali wa rangi ya hudhurungi, mzito, ambao tonge lake hutafunwa wala halimezwi kwa pupa. Vitoweo vyake vilikuwa mgagani, mnavu, mrenda, mitoo, na majani ya kunde na ya maboga, vyote vikichemshwa polepole katika chungu, vikalainishwa kwa maji yaliyochujwa katika majivu ya maganda ya maharagwe, ambayo Waluhya huyaita musherekha, kisha vikatiwa maziwa au samli kidogo, vikalazwa usiku mmoja au miwili na kupashwa moto tena mpaka uchungu wake ukatulia. Mafuta yalikuwamo katika upishi huo, lakini yalikuwa mafuta ya ng'ombe wa nyumbani, yakapimwa kwa uangalifu, maana hapakuwa na duka la kuyafuata yalipokwisha.

Inafaa tukae kitambo mbele ya jiwe la kusagia, kwa sababu hapo ndipo kipimo cha chakula kilipowekwa. Mwanamke alipiga magoti nyuma ya jiwe pana lililoinama kidogo upande wa mbele, akamwaga konzi moja ya wimbi lililokaushwa juani, akashika kwa mikono miwili jiwe dogo lililolainika kwa miaka ya kazi, akalisukuma na kulivuta, uzito wa mabega yake yote ukiwa juu yake, mpaka unga ukaanza kudondoka juu ya ngozi au ungo uliotandikwa chini. Punje ya wimbi ni ndogo mno, nayo husagwa pamoja na ganda lake, hivyo kwamba kila kilichokuwamo katika punje kiliingia katika unga na hakuna kilichotupwa. Kulisha nyumba yenye watu wanane kulihitaji kazi ya sehemu kubwa ya asubuhi. Na unga uliopatikana kwa jasho hilo haukuwa unga wa kuongezwa sufuriani bila hesabu. Palikuwa na kiasi katika chakula cha zamani, na kiasi hicho hakikutokana na wema wa watu wa zamani kuliko sisi, bali kilitokana na mkono wa mwanamke na ugumu wa jiwe.

Wala nisidhaniwe kuwa nauremba wakati uliopita. Miezi iliyotangulia mavuno ilikuwa miezi ya ghala tupu na matumbo yaliyobana. Watoto wengi walikufa kabla ya kuota meno yote. Na ukame ulipokuja, kama ule wa miaka 1918 na 1919 ulioleta njaa katika sehemu kubwa ya Kenya, watu walikula hata mbegu walizokuwa wameziweka kwa msimu wa mbele. Mwili mnene katika nchi kama hiyo ulikuwa nadra na ulikuwa fahari, kwa sababu ulishuhudia kwamba mwenyewe ana ng'ombe, ana wake wenye bidii, na hana deni kwa jirani. Fahari hiyo ilikuwa na maana yake katika zama zake, na nitairejea.

Wimbi lilikuwa pia nafaka ya ibada. Wabukusu huwatahiri vijana wao katika mwezi wa Agosti wa kila mwaka wa shufwa, na mpaka leo mtahiriwa hupitia tendo la khuchukhila, ambalo kwalo yeye mwenyewe huleta maji ya kutiwa katika wimbi lililooteshwa, ili itengenezwe pombe ya jamaa na ya mizimu. Kisha mjomba humvika shingoni luliki, yaani ukanda wa nyama, kuwa ni alama ya radhi ya upande wa mama. Nafaka iliyokuwa chakula cha kila siku cha babu imesalimika katika sherehe ya mjukuu, ilhali katika sahani ya kila siku ya mjukuu huyo imetoweka. Imetowekaje?

Kabla ya kujibu, napenda kumkumbusha msomaji habari ya kuku, kwa kuwa wapo wasemao kwamba ada za chakula ni nguzo zisizotikisika. Leo hakuna mgeni anayeheshimiwa katika nyumba ya Mluhya asichinjiwe kuku. Lakini katika kaumu nyingi za Waluhya, Wabukusu wakiwamo, mwanamke wa zamani hakula kuku wala mayai. Alimfuga, akamchinjisha, akampika kwa ustadi, akamwandalia mume na wageni, naye akala mboga. Wamisheni wa kanisa la Friends walipofungua kituo cha Kaimosi mwaka 1902, na mafundisho yao yalipoenea kaskazini mpaka kwa Wabukusu, wanawake walioingia katika dini hiyo walianza kula kuku waziwazi, wengine wakikemewa na wakwe na wazee, wakiambiwa kwamba watapatwa na balaa. Balaa haikuja. Ada iliyokuwa imelindwa kwa karne kadha wa kadha ilikufa katika umri wa vizazi viwili, na salio lake ni lile jambo dogo la firigisi kuhifadhiwa kwa ajili ya baba mwenye nyumba. Tena ilikufa bila ya mwanamke kuacha kuwa Mluhya, na bila ya kabila kupoteza lugha wala jando wala heshima zake. Hiyo ni hoja ambayo sijaona jibu lake.

Sasa turudi kwenye mahindi. Wareno ndio wanaokumbukwa kuyaleta katika pwani yetu tangu karne ya 16, na kwa muda mrefu yalikuwa nafaka ndogo ya bustani, ya kuchomwa na kutafunwa yakiwa mabichi. Barani, upande wa Elgon, yalijulikana kwa kiasi kidogo kabla ya Waingereza, lakini hayakuwa nafaka ya ghalani. Mambo yaligeuka wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake. Wanaume wa nchi za magharibi mwa Kenya walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, wakalishwa unga wa mahindi ambao wengi hawakuuzoea, na waliosalimika wakarudi nyumbani na mazoea mapya. Kisha walowezi, miongoni mwao askari waliostaafu, wakagawiwa mashamba makubwa ya Trans Nzoia, wakapanda mahindi meupe yenye punje kubwa bapa, yatokanayo na mbegu za Afrika Kusini kama ile iitwayo Hickory King. Na reli ya tawi ilipofika Kitale mwaka 1926, mji huo ukawa soko la nafaka, na maghala ya wakulima wa mahindi yakasimama kando ya njia ya garimoshi. Upande wa pili, reli kuu iliyokuwa ikielekea Uganda, ambayo ilifika Kampala mwaka 1931, ilipita Webuye, uliokuwa ukiitwa Broderick Falls, na Bungoma, ikaacha stesheni, maduka ya Wahindi, na watu wenye fedha za kununua na bidhaa za kununuliwa.

Mbukusu aliyekwenda kufanya kazi katika mashamba ya Trans Nzoia alipokea mshahara mdogo na posho, ambayo kwa kawaida ilikuwa ratili mbili za unga wa mahindi kwa siku. Ratili mbili ni karibu kilo moja, nacho ni chakula kinachotosha mtu alimaye kwa jembe tangu alfajiri hata jioni, na pengine hakimtoshi. Lakini mazoea hayasimami pale kazi inaposimama. Kimo cha ugali kilichowekwa kwa ajili ya mtu wa jembe kilirithiwa na mwanawe karani, kikarithiwa na mjukuu wake dereva, na leo kinaonekana mbele ya mtu akaaye juu ya kiti kutwa nzima, naye akidhani kwamba ndicho kimo cha ugali tangu kuumbwa kwa dunia.

Serikali na biashara nazo zilikuwa na sehemu yao. Dhahabu ilipogunduliwa Kakamega mwaka 1931, maelfu ya vibarua walihitaji unga, na wakulima wa Kavirondo Kaskazini, ambamo Bungoma ilikuwamo, wakapata soko lililo karibu. Vinu vya kusagia kwa nguvu za maji vikajengwa kando ya mito, kisha zikaja mashine za posho. Wanawake walikuwa na sababu zao pia, na sababu hizo ni za haki. Wimbi likiwa changa hufanana na gugu, na palizi yake ni ya kuinama siku nzima, kutenganisha mche na mche; mtama huliwa na ndege, na waliokuwa wakiwafukuza ndege hao ni watoto, ambao sasa walikuwa wamekwenda shuleni; lakini hindi limevikwa maganda yake, huvunwa kwa wepesi, na mashine hulisaga kwa dakika chache. Nani angemlaumu mama aliyelitua lile jiwe? Mahindi yalimwondolea mwanamke kazi iliyomvunja mgongo, na yeyote asemaye leo kwamba turudie vyakula vya zamani bila kufikiri ni nani atakayepalilia na ni nani atakayesaga, huyo anatoa nasaha kwa kutumia mgongo wa mtu mwingine.

Mabadiliko yalitiwa muhuri Kitale kwenyewe. Mwaka 1955 kazi ya kuzalisha mbegu bora za mahindi ilianza katika kituo cha utafiti cha mji huo chini ya mtaalamu Michael Harrison, na mwaka uliofuata Kampuni ya Mbegu ya Kenya iliasisiwa papo hapo, mwanzoni kwa ajili ya mbegu za malisho. Mwaka 1961 ilitolewa mbegu ya Kitale Synthetic II. Kisha wataalamu wakaichanganya na mahindi ya nyanda za juu za Amerika ya Kusini, yaliyoandikwa katika daftari zao kwa jina la Ecuador 573, na mwaka 1964 ikatoka chotara mashuhuri iitwayo H611. Wakulima wadogo wa magharibi mwa Kenya waliipokea mbegu hiyo kwa kasi iliyowashangaza wachunguzi, kasi iliyopita ile ya wakulima wa Marekani walipopokea mahindi chotara katika miaka ya 1930. Ghala zilijaa. Watoto waliozaliwa baada ya hapo hawakuijua ile miezi ya njaa kama walivyoijua wazazi wao, na hiyo ni neema ambayo sina haki ya kuidharau. Lakini ghala lililojaa nafaka ya aina moja tu lilizaa shamba la aina moja tu, na shamba la aina moja likazaa sahani ya aina moja. Na mgagani na mrenda, ambazo ziliota zenyewe pembeni mwa wimbi, zikaanza kung'olewa kama magugu na kuitwa chakula cha maskini. Tena vinu vikubwa vya mjini vilileta unga uliokobolewa, mweupe na mlaini, ambao ganda na kiini chake vimeondolewa. Na pakiti ya unga huo, ikinunuliwa dukani, ikawa dalili ya maendeleo, ilhali unga wa punje nzima wa mashine ya posho ukabaki kuwa wa asiye na uwezo.

Yaliyosalia yalikuja kwa mwendo wa haraka zaidi. Chai, ambayo mpaka kabla ya Vita Kuu ya Pili ilikuwa kinywaji cha walowezi na cha wachache waliosoma, ilienea mpaka ikawa ndiyo kifungua kinywa, ikifuatana na mkate, mandazi na chapati, vyakula vya ngano ambavyo maduka ya stesheni yaliwafunza watu kuvipenda. Na uji wa wimbi uliochachushwa ukaachiwa mzazi na mgonjwa. Mwaka 1975 iliundwa Kampuni ya Sukari ya Nzoia, na kiwanda chake cha Bukembe, baina ya Bungoma na Webuye, kilianza kusaga miwa mwaka 1978, hata mashamba yaliyokuwa ya mtama na kunde yakageuka mashamba ya miwa, na sukari iliyokuwa tunu ya siku ya sikukuu ikawa bidhaa ya mlangoni. Mafuta ya mikebe, Kimbo na Cowboy, yalifundisha kizazi kizima kwamba mboga huanza kwa kitunguu katika mafuta yenye kuchemka. Na baiskeli za boda boda, zilizoanzia mpakani Busia, zikafuatwa na pikipiki, hivyo kwamba mtu wa Chwele au wa Kimilili aliyekuwa akienda sokoni kwa miguu, na mzigo kichwani, sasa huchukuliwa mlangoni kwake na kurudishwa mlangoni kwake.

Matabibu waliyaona haya yakija. Hugh Trowell, daktari Mwingereza aliyeingia Kenya mwaka 1929 na baadaye akafundisha katika hospitali ya Mulago, Uganda, alishuhudia kwamba katika miaka yake ya mwanzo Mwafrika mnene kupita kiasi alikuwa nadra wodini, na shinikizo la damu na ugonjwa wa sukari vilikuwa haba. Na ni mwaka 1956 tu alipoandika habari za mgonjwa Mwafrika wa Afrika ya Mashariki mwenye maradhi ya mishipa ya moyo, jambo lililohesabiwa kuwa geni. Yeye na daktari Denis Burkitt, aliyekuwa Mulago pia, walikuja kufundisha ulimwengu kwamba makapi ya nafaka na nyuzinyuzi za mboga, ambavyo vinu vya kisasa huvitupa, vina kazi katika mwili. Na kitabu walichokihariri mwaka 1975 juu ya vyakula vilivyokobolewa na maradhi kilisomwa hata katika nchi ambazo zilikuwa zimesahau nafaka nzima zamani. Kisha mwaka 1990 ilichapishwa habari ya uchunguzi uliofuata Wajaluo, jirani zetu wa kusini, waliohama vijijini kwenda Nairobi: shinikizo la damu yao lilipanda mapema baada ya kufika mjini, chumvi ikizidi katika maakuli yao na uzito ukiongezeka. Watu ni wale wale na damu ni ile ile. Kilichobadilika ni sufuria.

Leo mambo hayo si nadra tena. Takwimu za taifa zaonyesha kwamba miongoni mwa wanawake wa Kenya wa umri wa miaka 15 hadi 49, waliozidi uzito unaofaa walikuwa asilimia 25 katika miaka 2008 na 2009, nao wakafikia asilimia 33 mwaka 2014. Na uchunguzi wa mwaka 2015 ulikuta kwamba zaidi ya robo ya watu wazima wote, wanaume kwa wanawake, wamepita kipimo hicho.

Hapa ndipo inapotupasa kuirejea ile fahari ya mwili mnene, kwa sababu vyakula vipya vilikuta heshima ya zamani bado imekaa mahali pake. Mume ambaye mkewe hakunenepa baada ya harusi aliulizwa kama anamlisha. Mtumishi wa serikali asiyekuwa na kitambi alionekana hajapata cheo. Kisha likaja janga lililoifunga heshima hiyo kwa hofu. Mwaka 1985 madaktari waliandika habari za ugonjwa mpya wa Rakai, Uganda, ambao watu waliujua kwa kukondesha. Na kwa miaka mingi baadaye, mpaka na baada ya Rais Moi kutangaza UKIMWI kuwa janga la taifa mwaka 1999, aliyepungua mwili katika Bungoma au Kitale alinong'onezwa nyuma ya mgongo wake. Wapo watu wengi, hasa akina mama, walioanza kupunguza uzito kwa nia njema wakarudi nyuma kwa sababu jirani aliwauliza kwa sauti ya msiba, 'Dada, kuna nini?' Haitoshi kumwambia mtu kama huyo ale kidogo. Ni wajibu wa jamaa na majirani kumwondolea hofu, wamsifu anapopungua kwa siha kama walivyokuwa wakimsifu alipokuwa akinenepa.

Na marejeo yamekwisha kuanza, tena kwa njia isiyomrudisha mwanamke jiweni. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, mwanasayansi wa mimea wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, ambaye sehemu ya utafiti wake aliifanya huku magharibi, alitumia miaka mingi kuthibitisha kwamba mboga zilizoitwa magugu zina virutubisho vingi, na kwamba mkulima anaweza kuziuza. Mwaka 2007 ulianzishwa mpango wa kuorodhesha vyakula vya asili vya Kenya, ukianza na Waisukha wa Kakamega na Wapokoti, na mwaka 2021 UNESCO iliutia mpango huo katika daftari lake la mifano mema ya kuhifadhi urithi. Leo mafungu ya mgagani na mnavu hayakosekani katika soko la Kitale wala la Chwele, na wanunuzi ni watu wa magari na wa miguu pia. Lakini yampasa mnunuzi ajue kwamba wimbi si dawa ya uganga: uzito mmoja wa unga wake una nguvu inayokaribiana na ile ya unga wa mahindi, ijapokuwa limeyapita mahindi kwa chokaa ya mifupa mara nyingi. Anayekunywa uji wa wimbi wenye vijiko vinne vya sukari amebadili rangi ya kikombe, hakubadili mazoea.

Basi historia hii inatufundisha nini juu ya njia ya kuyabadili? Inatufundisha kwamba watu wa nchi hii hawakuyaacha maakuli yao kwa siku moja wala kwa kuapa. Waliyaacha kidogo kidogo, kwa sababu chakula kipya kilikuwa karibu, kilikuwa chepesi, na kilikuwa na heshima. Anayetaka kupunguza uzito na ajipangie mambo hayo hayo matatu. Na aweke karibu anachotaka kukila: mche wa mrenda na wa kunde nyuma ya nyumba, unga wa punje nzima ndani ya debe, matunda mahali palipokuwa na mandazi. Na akifanye kiwe chepesi: mboga ichambuliwe Jumamosi na familia nzima, baba na wana wakiwamo, badala ya kazi hiyo kumlalia mama peke yake. Na akipe heshima: mgeni aandaliwe mgagani wa maziwa katika bakuli zuri, na katika matanga na harusi pawe na sufuria ya mboga iliyo kubwa kama ile ya wali.

Katika sahani, ugali na upunguzwe mpaka mboga ipate nusu ya mahali, nao ukadiriwe kwa kazi aliyoifanya mlaji siku ile, wala si kwa kazi aliyoifanya babu yake katika shamba la mlowezi. Katika kikombe, Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba sukari ya kuongezwa ni heri isipite gramu 25 kwa siku, nazo ni kama vijiko sita vidogo. Anywaye vikombe vitatu vyenye vijiko vitatu kila kimoja amekwisha kulipita kadirio hilo kabla hajagusa soda wala mkate. Na apunguze nusu kijiko, akae nacho majuma mawili mpaka ulimi uzoee, kisha apunguze tena. Maana ulimi uliofundishwa sukari katika umri wa baba zetu waweza kufundishwa kuiacha katika umri wetu. Kujinyima kwa ghafla huleta njaa, na njaa humrudisha mtu kwenye sufuria kwa hamaki. Kupungua nusu kilo kwa juma kwatosha, na aliyepunguza hata sehemu moja katika kila sehemu ishirini za uzito wake huanza kuona nafuu katika shinikizo la damu na sukari. Mwenye maradhi ya sukari atumiaye dawa asibadili chakula chake kabla ya kumuuliza tabibu wake, kwa kuwa dawa ilipimwa kwa chakula alichokuwa akikila.

Ugali mweupe wa Kitale na sukari ya Nzoia haviwi adui zetu kwa kuwa tumevijua umri wake. Vililetwa na watu, kwa sababu zilizojulikana, katika miaka inayohesabika, na watu wanaweza kuvipunguza kwa sababu zilizo bora kuliko zile. Ewe msomaji, hukurithi mazoea haya yote kwa mababu, wala huvunji ada ya kabila lako unapokula kidogo zaidi. Anza na kikombe cha kesho asubuhi, uwaite na walio nyumbani mwako waanze pamoja nawe.